Safari za Mkate wa Mchele

Historia ya watu haikai katika mabuku ya vita na wafalme peke yake. Sehemu yake kubwa hukaa jikoni, katika vitu tuvilavyo kila siku bila ya kuuliza vimetoka wapi. Katika insha hii nakuomba, msomaji, uchukue kitu kimoja kidogo, nacho ni mkate wa mchele upikwao nyumbani, ukiulize maswali kama hakimu amwulizavyo shahidi. Kimetoka wapi? Kimekuja na nani? Kilikuja kwa hiari ya watu au kwa nguvu? Majawabu yake yatatutoa Kulamawe, katika nchi kavu ya Isiolo, mpaka visiwa vya Ufilipino, na kisha yataturudisha.

Kulamawe ni kituo kilichoko mashariki ya mji wa Isiolo, katika njia iendayo Garba Tula, Modogashe na Wajir. Upo na mtaa mjini Isiolo uitwao kwa jina hilohilo. Mwenye kujua Kiswahili alisikiapo jina hilo mara ya kwanza hushangaa, maana lasema kula mawe. Nchi yenyewe ni ya mvua chache, miti ya miiba na mifugo. Mpunga haulimwi hapo, wala mnazi hauoti. Hata hivyo, siku za Ramadhani na za Idi, katika nyumba za Waislamu wa Isiolo kama katika nyumba za pwani, moto huwashwa kwa ajili ya sambusa, mahamri, anjera, vitumbua, na mkate wa sinia ambao wengine huuita mkate wa kumimina. Mkate huu wa mwisho hutaka mchele na nazi, navyo vyote viwili hutoka mbali. Basi umefikaje mahali pasipo mpunga wala mnazi?

Kabla ya kujibu, na tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu asemaye juu ya mkate bila ya kujua upikwavyo ni kama asemaye juu ya shamba ambalo hakulikanyaga. Mchele vikombe viwili huoshwa na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji humwagwa, na mchele husagwa pamoja na tui zito kikombe kimoja na nusu, kijiko kidogo cha hamira, na iliki kwa kadiri ya kupenda, mpaka liwe rojo laini lisilo na chembe. Zamani kazi hii ilikuwa ya kinu na jiwe la kusagia. Siku hizi mwenye mashine ya umeme huimaliza kwa dakika chache. Rojo hilo hufunikwa na kuwekwa mahali pa joto mpaka liumuke. Kisha hutiwa sukari, kama kikombe kimoja kasoro robo, pamoja na ute wa yai moja uliopigwa ukafanya povu.

Hapo ndipo ufundi wa moto uanzapo. Sufuria hupakwa samli au mafuta na kutiwa moto, na ikishapata joto rojo humiminwa ndani yake. Ndiyo maana ya jina la mkate wa kumimina. Chini ukianza kushika, makaa mengi hutolewa jikoni na kupangwa juu ya kifuniko, yakabaki machache tu chini ya sufuria. Mkate huiva kwa moto wa pande mbili. Mpishi hujua umeiva kwa kuchoma kijiti katikati: kikitoka kikavu, kazi imekwisha, kikitoka na rojo, hungojea kidogo. Moto wa juu una sababu yake. Unga wa ngano una namna ya ulimbo ushikao hewa ya hamira usiiache itoke. Mchele hauna ulimbo huo. Kwa hiyo uso wa mkate lazima ushikwe mapema na joto, ama sivyo hewa hutoroka na mkate hulala kama jiwe. Hakuna kitabu kilichowafundisha bibi zetu jambo hili. Walilijua kwa kutazama, kwa kuharibu, na kwa kujaribu tena.

Sasa ondoka nami katika fikira, msomaji, uvuke Bahari ya Hindi yote, upite visiwa vya Indonesia, ufike Ufilipino. Huko utaukuta mkate uitwao bibingka. Mchele wa huko pia hulowekwa na kusagwa na maji; rojo lake huitwa galapong, na kwa desturi ya zamani liliachwa lichachuke. Hutiwa tui la nazi na sukari. Chombo cha udongo hutandikwa majani ya mgomba, rojo likamiminwa juu yake, na makaa yakawekwa chini na juu. Ukiiva huwekwa vipande vya yai la chumvi au jibini nyeupe ya maziwa ya nyati wa kufugwa, na nazi iliyokunwa. Mkate huu hupendwa hasa kuanzia tarehe 16 hadi tarehe 24 Desemba, siku za misa za alfajiri zitanguliazo Krismasi, ambapo wapishi huuza karibu na makanisa na waumini hununua ungali moto. Wengine ni Waislamu wafungao na kufuturu, wengine ni Wakristo watokao misani kabla ya jua kuchomoza, lakini wote wangojea mkate wa mchele uliopikwa kwa moto wa juu na wa chini.

Wala si upishi peke yake unaofanana. Sisi tuna neno mpunga kwa nafaka iliyo shambani, mchele kwa nafaka iliyokobolewa, na wali kwa chakula kilichopikwa. Msemaji wa Kitagalogi naye ana maneno matatu: palay, bigas na kanin, kila moja likiwa na maana hiyohiyo. Sisi twatofautisha dafu na nazi. Yeye hutofautisha buko na niyog. Sisi twauita ukoko ule wali ulioshika chini ya chungu. Yeye huuita tutong. Hata chombo cha kukunia nazi, ambacho sisi twakiita mbuzi, nao wanacho: kiti kifupi chenye chuma cha meno mbele yake.

Mtu mwenye haraka akisikia haya atasema, "Basi, hapana shaka mmoja alimfunza mwenzake." Hapa ndipo nikutakapo, msomaji, usimame kidogo. Kufanana ni sababu ya kuuliza, lakini si ushahidi wa kutosha wa kuhukumu. Ndugu wawili hufanana kwa sababu wana mama mmoja, lakini wakulima wawili wasiojuana hufanana mikono kwa sababu wameshika jembe. Ni kazi ya mwanahistoria kupambanua mfano wa ndugu na mfano wa wakulima. Yaangalie tena yale maneno niliyoyataja: maana zake ni moja, lakini sauti zake hazina uhusiano wowote. Neno mchele halikutoka katika bigas, wala bigas haikutoka katika mchele. Watu waishio kwa mpunga huhitaji maneno matatu, na kila taifa lilijitungia yake. Huo ni mfano wa wakulima.

Ama moto wa juu, huo hauna mwenyewe. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, Mrumi aliyeitwa Cato aliandika kitabu cha kilimo, na ndani yake alieleza namna ya kuoka mkate wa matabaka wenye jibini na asali: hufunikwa kwa kifuniko cha udongo kilicho moto, na makaa hupangwa juu yake na pande zote. Cato hakufika Ufilipino wala hakufika Lamu. Yeyote asiye na tanuri, lakini mwenye chombo, kifuniko na makaa, aweza siku moja kufikiri jambo hilohilo. Haja ni mwalimu aliyefundisha katika nchi nyingi.

Lakini mchele na nazi vina hadithi nyingine, kwa maana mbegu haitungwi na fikira. Lazima ichukuliwe na mkono kutoka mahali hata mahali. Hapa safari za kweli zimepatikana. Katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar, watu husema lugha iliyo jamaa ya lugha za Borneo, nazo ni za ukoo mkubwa uleule wa Kitagalogi. Kwa hiyo wahenga wa baadhi ya Wamalagasi waliivuka bahari hii kutoka mashariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mwaka 2016 wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika mahame ya Bukini na Visiwa vya Ngazija, ya karne ya 8 mpaka ya 10, walikuta mabaki mengi ya mpunga wa Asia, choroko na pamba, hali katika mahame mengi ya pwani ya Afrika ya zama hizo nafaka zilizozidi zilikuwa za Kiafrika, kama mtama na uwele. Baadaye mpunga ulienea katika pwani yetu pia. Huko Chwaka katika kisiwa cha Pemba, kuanzia karne ya 11, ulikuwa chakula kikubwa. Hata nazi, uchunguzi wa mbegu zake umeonyesha kwamba baadhi ya minazi ya Bukini na Ngazija ina damu ya minazi ya Asia ya mashariki.

Basi hukumu ya haki ni hii. Si kweli kwamba mpishi wa Luzon alimfundisha mpishi wa Mombasa mkate wa kumimina. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Lakini ni kweli kwamba wote wawili waliurithi mpunga uliosafiri baharini, na kila mmoja akaukuta mnazi mlangoni pake na makaa jikoni mwake. Urithi ulikuwa wa shirika. Ufundi kila mmoja aliupata kwa akili yake. Na kati yao wamo wengine. Huko Goa, katika Bara Hindi, iliyotawaliwa na Wareno toka mwaka 1510 hata 1961, hupikwa andazi liitwalo bebinca, la matabaka mengi ya tui, viini vya mayai na samli, nalo kila tabaka lake huivishwa kwa makaa ya juu. Wagoa wengi walikuja Afrika ya Mashariki wakafanya kazi za ukarani, ushoni, upishi na uokaji wa mikate. Kwa hiyo bahari hii haikuwa na njia moja kama reli. Ilikuwa na njia nyingi kama soko.

Mpaka hapa nimesema juu ya safari za amani, au angalau za biashara. Lakini jiko lina kumbukumbu za utawala pia. Wahispania walianza kuitawala Ufilipino mwaka 1565 wakakaa mpaka mwaka 1898; baada yao wakatawala Wamarekani, na uhuru ukakubaliwa tarehe 4 Julai 1946. Wahispania walizoea ngano, na ngano haistawi katika joto na mvua za visiwa vile. Hata hivyo waliitaka kwa ajili ya mikate yao na ya ibada zao, ikaletwa kwa merikebu. Ndipo zilipozaliwa keki ndogo za ngano na mayai kama mamon, ambayo jina lake ni la Kihispania, na torta ya watu wa Visaya. Katika mji wa Argao, kisiwani Cebu, torta huumuliwa kwa tuba, yaani tembo la mnazi. Tazama jambo hilo: unga ni wa mgeni, jina ni la mgeni, lakini kiumushi ni cha mnazi wa nyumbani. Mtawaliwa aweza kunyang'anywa ardhi yake na bado akabakiwa na ujuzi wa mkono wake, na ujuzi huo hukigeuza hata kitu cha mtawala kikawa chake.

Kenya nayo ilipata ngano kwa njia iliyo jamaa ya hiyo. Walowezi walipochukua nyanda za juu mwanzoni mwa karne ya 20, Lord Delamere alijaribu ngano huko Njoro, na mwaka 1908 kampuni ya Unga ilianzishwa ili kuisaga. Leo mtu akishuka kutoka Timau kwenda Isiolo hupita katikati ya mashamba ya ngano ya miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, kisha ghafula ardhi huwa kavu na ngano hukoma. Hapo ndipo mlango wa kaskazini.

Watu wa nyuma ya mlango huo hawakuwa walaji wa mikate. Waborana wa Isiolo waliishi kwa maziwa, nyama na samli. Walikuwa na maziwa mabichi na maziwa ya mgando yaitwayo ititu. Walikuwa na buna zikaangwazo katika samli na kugawiwa kwa heshima na kwa dua. Nafaka ilikuwa ya kununua au ya kubadilishana, wala haikuwa nguzo ya maisha. Asiyeyajua hayo hudhani kwamba nchi isiyo na shamba haina chakula, na jina la Kulamawe humzidishia dhana hiyo. Lakini mfugaji mwenye kundi zima hakuwa maskini. Ghala yake ilikuwa ikitembea kwa miguu minne.

Mikate ilifuata watu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, vya mwaka 1914 hadi 1918, askari Wasomali waliowatumikia Waingereza walipewa mahali pa kukaa Isiolo, wakawa wafanya biashara na wafugaji. Wasomali wa miji ya pwani walikuwa wamezoea mchele toka zamani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli pamoja na mchuzi. Walikuwa pia na mkate uitwao muufo, uokwao katika tanuri la udongo, ambao Waswahili waujua kwa jina la mofa. Waswahili, Wahindi na Waarabu walifungua maduka. Wakaja Wameru na mazao ya mlimani. Isiolo ikawa mji wa watu wengi na vyungu vingi, ingawa serikali ya kikoloni iliifunga kaskazini kwa sheria, kama ile ya mwaka 1934, hata mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila ya ruhusa. Sheria iliwazuia wasafiri kwa miaka mingi. Upishi wa jirani kwa jirani haikuuzuia.

Kisha ikaja sababu nyingine ya kula unga, nayo ni ya huzuni. Kenya ilipopata uhuru wake tarehe 12 Desemba 1963, wengi katika wilaya za kaskazini walikuwa wametaka kuungana na Somalia. Mwezi huohuo serikali ilitangaza hali ya hatari, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea mpaka mapatano yaliyofanywa Arusha mwezi wa Oktoba 1967. Katika vita hivyo wafugaji wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, kama vile Garba Tula na Merti. Ng'ombe na ngamia waliofungiwa mahali pamoja walikosa malisho wakafa kwa njaa na maradhi. Wengine waliuawa, wengine walichukuliwa. Vita vilipokwisha, jamaa nyingi zilizokuwa na makundi hazikubakiwa na mnyama hata mmoja. Waliokuwa wakinywa maziwa wakawa wanangoja posho ya unga wa mahindi.

Nataka uelewe vizuri jambo hili, msomaji kijana, kwa kuwa ndiyo kiini cha insha yangu. Tukisema kwamba watu fulani "wamebadili chakula chao", maneno hayo ni mepesi mno. Chakula hubadilika kwa namna nyingi. Mara nyingine hubadilika kwa kuongezeka, kama mchele ulivyoongezeka juu ya mtama huko Pemba. Mara nyingine hubadilika kwa kuamrishwa, kama ngano ilivyokuja na Wahispania. Na mara nyingine hubadilika kwa kunyang'anywa, kama maziwa yalivyotoka katika vibuyu vya wafugaji wa Isiolo. Sahani tatu zaweza kuonekana sawa mbele ya macho, na huku kila moja imefika mezani kwa njia yake. Mwanafunzi wa historia asiyeuliza njia ameona sahani tu.

Wanawake wa nchi hiyo hawakukaa wakalia. Wengi waliopoteza mifugo walihamia pembezoni mwa miji na vituo vya njiani, wakaanza kuuza chai, maziwa, anjera na mahamri. Chakula kilicholetwa na msiba wakakifanya kazi, na kazi ikalipa karo za watoto. Siku hizi wanawake wa Isiolo huyakusanya maziwa ya ngamia kutoka vijijini na kuyapeleka Nairobi kwa mabasi, safari ya karibu kilomita 280. Maziwa yamerudi, lakini yamerudi yakiwa bidhaa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojazwa na mama wa sokoni hakina sifa ndogo kuliko kile kilichojazwa na mfalme.

Imebaki safari moja, nayo ni mpya kuliko zote. Mwaka 1974 serikali ya Ufilipino iliweka sheria ya kazi iliyoanza kusimamia kwa mpango upelekaji wa wananchi wake kufanya kazi nchi za ng'ambo. Tangu hapo mamilioni wameondoka, na wanawake wengi miongoni mwao wamekuwa watumishi wa nyumbani katika nchi za Ghuba. Kutoka Kenya nako wanawake wengi wamekwenda Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu kwa kazi hiyohiyo. Habari za mateso zilipozidi, serikali ya Kenya ilisimamisha safari hizo mwaka 2014, na mwaka 2017 ikaziruhusu tena kwa masharti. Ufilipino nayo ilizuia watu wake kwenda Kuwait kwa muda katika mwaka 2018. Hivi leo, katika jiko la tajiri mmoja, binti wa Kenya na mama wa Kifilipino waweza kusimama mbele ya moto mmoja, wakipika chakula kisicho cha huyu wala cha yule. Ikiwa siku moja bibingka itapikwa Kulamawe, yaelekea itakuwa imefundishwa huko, saa za mapumziko, na mtu mmoja aliye mbali na watoto wake kumfundisha mwenzake aliye mbali na wake.

Tena hapo mfano wa wakulima utakuwa umegeuka mfano wa ndugu. Watu waliofanana pasipo kujuana watakuwa wamefundishana kweli. Lakini nani atakayeandika? Zile hati za usafiri zitasema jina, umri na mshahara. Hazitasema lolote juu ya galapong wala hamira. Miaka mia moja ikipita, msomi atakuta mikate miwili iliyofanana akaanza kubahatisha, kama tunavyobahatisha sisi leo juu ya Bukini na Ngazija.

Ukitaka kuujaribu mkate huo wa Kifilipino nyumbani, hutashindwa, maana karibu vyote unavyo. Mchele wapatikana Isiolo madukani, na wa Mwea, ulioanza kulimwa kwa maji ya mifereji katika miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa wakati wa hali ya hatari, hauko mbali. Nazi huletwa kutoka pwani. Loweka mchele, usage, uumue kama umuavyo mkate wa kumimina. Tandika sufuria jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalainika. Wameru wa jirani wanayo tele migombani mwao. Mimina rojo, funika, panga makaa juu na chini. Badala ya iliki utasikia harufu ya jani, na badala ya utamu mtupu utaonja jibini na chumvi. Katika mkate huo mmoja utakuwa umekula mpunga wa Asia, jasho la Mwea, nazi ya pwani na jani la Meru.

Lakini kabla ya kwenda jikoni fanya kazi moja ya mwanahistoria. Chukua daftari, umwendee nyanya yako, au ayyo, au mama mkubwa, kwa jina lolote la heshima litumikalo kwenu. Muulize ni mkate gani aliojifunza kwanza, alifundishwa na nani, mahali gani, mwaka gani au katika kiangazi gani. Muulize walikula nini kabla ya hapo, na kwa nini wakaacha. Usimkatize anapokumbuka jambo zito, wala usimharakishe. Andika maneno yake kama alivyoyasema, uandike na tarehe, kisha umsomee apate kuyasahihisha. Katika maktaba za serikali yamehifadhiwa maandishi mengi ya maofisa waliopita Isiolo wakahesabu ng'ombe na kodi. Maandishi ya waliopika ni machache mno. Wewe uliyefundishwa kusoma na kuandika waweza kuyaongeza, madhali wenye kukumbuka wangali hai.